Meno ya Nafula Kabla ya Agosti

Kiti changu cha maabara kimerithiwa na kijana ambaye nasikia analalamika kwamba hakina egemeo. Hakijawahi kuwa nalo. Nilikikalia miaka yote ile, na mgongo wangu, ingawa sasa unadai haki zake kila asubuhi, haukuniaibisha hata siku moja mbele ya mgonjwa. Namwachia kijana huyo kiti, koleo zangu za kukunjia waya na maandishi haya. Koleo azitunze. Kiti akitaka akichome.

Wenzangu wadogo wameniomba niwaeleze jinsi tulivyowatibu watoto wenye meno yaliyotokeza, enzi ambazo hatukuwa na kompyuta ya kutuonyesha taya litakavyokuwa kesho. Nitaeleza. Habari za vyeo nitaziruka. Waliopandishwa wanajijua, nasi tuliobaki tunawajua waliowapandisha.

Nilianza kazi Kitale katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka chuoni Nairobi na cheti cha ufundi wa meno, yaani mtu ambaye hang'oi jino wala hazibi, bali hukaa chumba cha nyuma akitengeneza vitu vya kuingia mdomoni: meno bandia, waya, na vile vibamba vya plastiki ya rangi ya waridi ambavyo watoto wetu waliviita pleti. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja, meza iliyokuwa inayumba, taa ya spiriti, na gunia la plasta lililopata unyevu likawa jiwe. Siku yangu ya kwanza nilipewa nyundo nilivunje. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kung'olewa meno walisikia kishindo cha nyundo kutoka chumba cha nyuma, wakatazamana, na nusu ya foleni ikaenda nyumbani. Daktari alitoka akakuta benchi tupu. Hakuniuliza kitu, akaniambia tu kwamba kuanzia siku hiyo plasta itavunjwa jioni.

Huyo alikuwa Daktari Barasa, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Nasema daktari kwa maana halisi, kwa sababu kule kwetu kila aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari, hata mimi. Nilipinga jina hilo majuma ya kwanza, kisha nikaona nawachosha wagonjwa bure.

Asubuhi moja aliniita, akanipa glasi ya maji.

"Rosa, meza."

Nikameza.

"Ulimi wako ulikwenda wapi?"

"Haukwenda popote, Daktari. Uko mdomoni."

"Najua uko mdomoni. Ulisukuma wapi?"

Sikujua. Nikameza tena, na tena, na kadiri nilivyouchunguza ulimi ndivyo koo lilivyogoma, mpaka maji yakanitoka puani. Yeye alingoja nimalize kukohoa ndipo akanieleza jambo ambalo chuoni tulilipitia mbio mbio. Meno ya mbele yamesimama katikati ya ulimi kwa ndani na midomo kwa nje. Mtoto anayepumulia mdomoni huacha midomo wazi, na ulimi wake hujizoesha kusukuma mbele kila anapomeza. Basi meno ya juu hutoka nje, maana ndani yanasukumwa na nje hakuna anayeyazuia. Ukiyarudisha kwa waya bila kuifundisha midomo na ulimi, siku ukitoa waya na yenyewe yanatoka tena.

Nilimwelewa vizuri sana, kupita kiasi. Wiki nzima sikuweza kumeza tonge la ugali bila kuufuatilia ulimi wangu kama askari. Mama aliyenipangisha chumba aliniuliza kama chakula chake kina kasoro.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba kazi yetu kwa watoto ina pande mbili. Kwanza Daktari huhakikisha pua inapitisha hewa, maana huwezi kumwambia mtoto afunge mdomo kama pua nayo imefungwa. Kisha upande mmoja ni pleti, kibamba kinachoshika meno ya juu na ya chini pamoja na kulifanya taya la chini lisogee mbele kidogo, kivaliwe baada ya shule na usiku kucha. Upande wa pili ni mazoezi. Kumeza huku ncha ya ulimi imepanda juu, nyuma ya meno ya mbele. Kushika karatasi kwa midomo wakati wa kusoma. Na zoezi kubwa kuliko yote, kifungo. Unachukua kifungo kikubwa cha koti, unakifunga uzi imara, mtoto anakiweka kati ya midomo na meno, halafu mama anavuta uzi na mtoto anakizuia kwa midomo tu.

Vifungo nilivinunua kwa Bwana Harjit, Singasinga mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa Kitale aliyeongea Kiswahili cha pale pale. Nilipomwomba vifungo vikubwa, kila kimoja cha namna yake, alivua miwani.

"Madam, hii koti unashona ni ya nani?"

"Si koti. Ni ya kuweka mdomoni."

"Mdomoni ya nani?"

"Ya watoto."

Akaniuliza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kama nyumbani wanajua nimetoka. Nikamweleza. Akachukua kifungo, akakifunga uzi wa kushonea magunia, akakipitisha chini ya masharubu na kumpa karani wake avute. Karani alivuta kwa adabu. Bwana Harjit akamwashiria kwa mkono avute kama mwanamume. Kulikuwa na wateja wakipimiwa kitambaa, wote wakaacha kitambaa. Kifungo kilipochomoka kikaruka mpaka kwenye rafu ya mablanketi, naye akapangusa ndevu na kusema kazi hiyo ni ngumu kweli, watoto wapewe vile vya mashimo manne kwa sababu vya mashimo mawili vinakata uzi. Nimefuata ushauri huo mpaka nilipostaafu, na nyinyi ufuateni.

Daktari Barasa alikuwa na sheria nyingine ambayo nawaachia. Waya niliokunja vibaya hakuukosoa. Aliupitisha ndani ya mdomo wake mwenyewe, na kama ulimkwaruza, aliudondosha kwenye kopo la chuma karibu na dirisha. Miezi ile ya mwanzo kopo hilo lilipiga kelele kuliko kengele ya shule. Na kabla hajaniruhusu kumpa mtoto yeyote pleti, aliniamuru nijitengenezee yangu, niivae kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu. Nikaenda nayo kanisani. Nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya kwanza, na ubeti wa pili ulipoanza mate yalinishinda. Mwalimu wa kwaya alinitazama mara moja tu, lakini ilitosha. Tangu hapo mtoto akiniambia pleti inamsumbua, sikumwambia anadeka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilihamishiwa Bungoma. Daktari Barasa alibaki Kitale, akawa anakuja kwetu mara moja kwa mwezi kuwaona watoto, na katikati ya safari zake mimi ndiye niliyewafuatilia. Hapo ndipo nilipokutana na Nafula. Nimetengeneza pleti nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini nikikaa bila kazi, kama sasa, ni yake inayonijia.

Aliletwa mwezi wa kwanza, akiwa na umri wa miaka kama tisa. Walikuja watatu kutoka upande wa Kamukuywa: Nafula mwenyewe, ameinua kola ya sweta mpaka puani, baba yake, Bwana Wanjala, karani wa ushirika na mwanakamati wa afya wa kijiji, mwenye kalamu mbili mfukoni, na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Kukhu, aliyekaa kwenye kiti cha mgonjwa bila kuulizwa.

"Si mimi mugonjwa," alisema. "Rakini nataka muone kwanza."

Akafungua mdomo. Meno mawili ya mbele ya chini hayakuwapo. Yalitolewa akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi kwa watu wa rika lake, na alikuwa akijivunia lile pengo.

"Yangu yalitolewa nikiwa kama huyu. Sasa angalia ya juu. Yamekaa. Hayajaenda kutembea. Huyu naye ya chini yamejaa, yanasukuma ya juu, ndiyo yametoka nje. Nataka muondoe ya chini. Mukikataa, Muzee Makokha ako pale soko ya Kamukuywa, nimeshaongea na yeye."

Makokha nilikuwa nimesikia habari zake. Alikuwa mzee mcheshi aliyeng'oa meno kwa chuma kifupi chini ya kibanda cha wahunzi, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa na foleni. Bwana Wanjala alitazama viatu vyake. Ilikuwa wazi kwamba safari ya kuja hospitalini ilikuwa yake, na kwamba aliipigania.

Daktari Barasa hakucheka. Alivuta kigoda akakaa chini ya Kukhu, kama inavyompasa mtoto wa watu.

"Kukhu, nusu umesema kweli. Kuna kitu kinasukuma. Lakini si meno ya chini. Ni ulimi."

Kukhu alimgeukia mjukuu wake, akamtazama kwa huruma.

"Basi mutakata ulimi?"

Nafula akaangua kilio, na ikanichukua muda kumtoa chini ya meza. Alipotulia, Daktari alieleza yote, pleti na kifungo na pua. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa masharti. Mwezi wa nane kaka yake Nafula, Wekesa, angetahiriwa, na boma lingejaa wageni kutoka Lugulu mpaka Kapsokwony. Hakutaka ukoo mzima uje umkute mtoto ameachama, waanze kuuliza ni mgonjwa wa nini.

"Mpaka mwezi wa nane," alisema. "Akifunga mdomo vizuri, bila kukunja uso, hayo meno ya chini ni yake. Asipofunga, ni ya Makokha. Mimi siongezi."

Nilipokuwa nachukua alama za meno kwa ule unga unaoganda, Nafula alibaki nami peke yake. Nilimwambia asiogope. Aliteremsha kola ya sweta kwa mara ya kwanza. Meno ya juu yalikuwa yametoka kiasi cha kulala juu ya mdomo wa chini, na shuleni, nilikuja kujua, walimwita Jembe.

"Madam," aliniambia, "mimi haya ya chini nayapenda. Ndiyo yamekaa sawa."

Nimefanya kazi na watoto wengi waliolia, waliouma vidole vyangu, na mmoja aliyekula plasta. Hakuna aliyenichoma moyo kama yule. Nilikunja waya wa pleti yake kuanzia mwanzo mara kadhaa, na kopo la Daktari Barasa lilikuwa mbali, nikautupa mwenyewe.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri kwa sababu Kukhu, ambaye hakuamini neno letu hata moja, aliamua kwamba kama tutashindwa, tusije tukasema yeye ndiye aliyezembea. Alisimamia mazoezi kama mtu anayefunza ndama kamba. Alivuta kifungo, Nafula akamfuata. Aliuzungusha uzi kwenye mkono, akaurudisha nyuma, na mtoto akazunguka boma zima midomo imefungwa, kuku wakikimbia mbele yao. Walipokuja Bungoma na kunisimulia, ilibidi nimweleze Kukhu kwamba mtoto asimame mahali pamoja. Akasema sawa, ila nimwonyeshe mimi. Nikamwonyesha. Akasema sasa yeye. Akakiweka kifungo, nikavuta, na kusema kweli sikukitoa. Wanjala alijaribu, hakukitoa. Kukhu akakitema mkononi akasema kwamba midomo hii imelea watoto tisa na haijawahi kushindwa kunyamaza.

Kisha likaja jambo la shule. Nafula alipeleka kifungo chake darasani, maana tulimwambia afanye zoezi pia mchana. Mwanzoni walimcheka. Halafu mvulana mmoja akataka kujaribu, Nafula akamshinda. Akaja mwingine, akashindwa. Hayakupita majuma mawili, darasa zima lilikuwa linashindana, na kwa kuwa kifungo kilikuwa kimoja, waling'oa vyao kwenye mashati.

Mwalimu mkuu alifika ofisini kwangu mwenyewe, Bwana Masinde, mtu mnene mwenye kutoa jasho. Alikuwa na shati la mtoto ndani ya mfuko wa karatasi. Akalitandaza mezani. Halikuwa na hata kifungo kimoja.

"Madam, hii ni ya kijana wangu wa kuzaa," alisema. "Na wengine ni hivyo hivyo. Nikisimama kwa gwaride asubuhi naona matumbo tu. Wazazi wananiuliza kama nimeanzisha shule ya mieleka."

Nilimpa pole. Nikamwambia vifungo vinaweza kupigwa marufuku, lakini Nafula aruhusiwe chake, na kama wengine wanataka zoezi, washike karatasi kwa midomo wakati wa kuandika. Akauliza karatasi inashikwaje. Nikamwonyesha. Aliniangalia nikiwa nimeshika karatasi, akasogeza kiti karibu.

"Na mtu hawezi kuongea hapo?"

Nikatikisa kichwa.

"Darasa zima linaweza?"

Muhula ule, nasikia, darasa la nne lilikuwa tulivu kuliko ofisi ya walimu, na walimu wa madarasa mengine wakaomba karatasi. Sijui kama walipima faida ya midomo. Najua tu kwamba Nafula aliacha kuinua kola. Wakawa wanamwita Refa, kwa sababu ndiye aliyeamua nani ametumia meno kuiba ushindi.

Mwezi wa tano Daktari Barasa alipima akafurahi. Meno yalikuwa yamerudi, midomo ilikuwa inakaribia kukutana. Mwezi wa sita tukaendelea. Mwezi wa saba Nafula alipokuja, nilimtia pleti mdomoni nikaona inacheza. Upande mmoja umeinuka, upande mwingine unabana ufizi mpaka umekuwa mwekundu. Alikuwa ameivaa hivyo majuma kadhaa akiumia na hakumwambia mtu, kwa sababu aliogopa kwamba akilalamika watasema matibabu yameshindwa.

"Uliiangusha?"

"Hapana, Madam."

"Uliikalia? Mbwa aliitafuna?"

"Hapana. Naitoa tu nikienda shule, naweka kwa maji safi, kama ulisema."

Hilo lilikuwa jibu sahihi kabisa. Plastiki ile ikikauka hupasuka, kwa hiyo kila mtoto tulimwambia akitoa pleti aiweke ndani ya maji safi. Nikageuza pleti mkononi, nikapindua plasta yenye umbo la meno yake, nikalinganisha, na sikuelewa. Ilikuwa imejikunja, si kuvunjika. Hakuna nguvu ya mtoto inayoweza kufanya hivyo. Nikalegeza upande uliobana, nikamrudishia pleti, nikaamua Ijumaa jioni niende Kamukuywa nione mwenyewe.

Walinipokea vizuri mno. Wanjala alivaa tai. Nilikaribishwa sebuleni, kitambaa kipya kikatandikwa, na Kukhu akasema mgeni wa hospitali hawezi kungoja maji yachemke wakati chai ipo. Kabatini kulikuwa na themosi mbili, moja ya bluu ya kila siku, na nyingine kubwa, ya mdomo mpana, imechorwa maua, ile ambayo kila nyumba huiweka kwa ajili ya wageni. Kukhu aliipita ya bluu kwa heshima yangu. Akaifungua ile ya maua, akamimina. Yakatoka maji meupe yenye mvuke. Akasema "ai," akainamisha zaidi, na ndani ya kikombe changu, kwa mlio mdogo safi, ikaanguka pleti ya Nafula.

Kukhu aliangalia kikombe, kisha akamwangalia mwanawe. Wanjala alikuwa ameshasimama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupongezwa.

"Kila kitu tunafanya kulingana na maagizo, Madam," alisema. "Wewe ulisema maji safi. Mwezi wa sita tulikuwa na semina ya kamati, afisa wa afya akatufundisha kwamba maji safi ni maji yamechemshwa. Sasa mimi nikafikiria, ukichemsha ukaacha kwa sufuria, si inzi wataingia? Nikasema hapana, tuweke kwa themosi. Inafunikwa. Tunaweka asubuhi, na mpaka jioni mtoto akitoka shule bado ni moto sawasawa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mtu huyu alikuwa amesikiliza maagizo yote ya serikali na ya kwangu, akayaunganisha, akaitoa themosi ya wageni kwa ajili ya binti yake, na kwa bidii hiyo akaipika pleti yangu kila siku ya shule tangu ile semina. Kukhu naye akaanza kucheka, akasema ndiyo maana mchungaji juzi aliikataa chai ya nyumba hii. Wanjala alitaka kujua mchungaji alimiminiwa kutoka themosi ipi. Kukhu akazidi kucheka.

Kisha nikaona kwamba Nafula hacheki. Alikuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza ametoka shule, mkono umefunika mdomo, jambo ambalo alikuwa ameshaliacha.

"Madam," aliuliza, "sasa meno yangu yanaenda kwa Makokha?"

Nilitamani kumwambia hapana. Nilisema nitajaribu, na njia nzima ya kurudi Bungoma nilikuwa nimejawa na hofu. Unga wa plastiki, ule wa kutengenezea pleti, ulikuwa umetuishia stoo na kabatini. Jumatatu nilichukua alama mpya za meno yake, Jumanne nikapanda kwenda Kitale kumwomba Daktari Barasa. Alinipa unga wake wote uliobaki, nikatengeneza pleti mpya pale pale kwenye meza yangu ya zamani, ambayo bado ilikuwa inayumba. Alinisikiliza habari ya themosi mpaka mwisho, akaondoka chumbani, nami nikamsikia akicheka uani peke yake. Aliporudi alikuwa daktari tena.

"Pleti mpya ivaliwe, lakini haitaweza kulipa muda uliopotea," alisema. "Kilichobaki ni midomo. Mwambie mtoto asiache kifungo hata siku moja. Meno yamerudi nusu. Midomo ikiwa na nguvu, itafika hapo yalipo."

Nikampelekea Nafula pleti, na kwa Wanjala nikaandika kwa herufi kubwa kwamba maji yawe baridi. Alisoma, akauliza baridi ya kiasi gani. Nikamwambia ya mtungini. Sikutaka kusikia mengine.

Mwezi wa nane ulifika, shule zikafungwa. Wekesa alizunguka na njuga zake kualika jamaa, na mimi nikaalikwa pia, ingawa nilijua sikualikwa kwa ajili ya Wekesa. Asubuhi ya tohara boma lilijaa kama Kukhu alivyosema. Kijana alirudi kutoka mtoni amepakwa tope, akasimama imara, ikaisha salama, nyimbo zikapanda, na watu wakaanza kukaa kwa makundi wakingoja chakula. Nafula alikuwa amevaa gauni la manjano, akigawa maji ya kunawa. Kila alipokaribia kundi la watu nilikuwa namtazama mdomo, na kila mara alikuwa ameinama, sikuona.

Mzee Makokha alikuwa amekaa na wazee wenzake, amevaa kofia nzuri. Nafula alipomfikishia maji, alinawa taratibu, akapangusa mikono, akamtazama.

"Huyu ndiye ule mutoto wa meno?"

"Ndiye," Kukhu alijibu. Alikuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka hapo, na aliacha alichokuwa akikifanya.

"Njoo, mama. Fungua mdomo nione."

Nafula alisimama na birika lake. Hakufungua. Makokha akadhani ni haya, akacheka kwa upole, akatoa peremende mfukoni.

"Fungua tu kidogo. Sina chuma leo, nimekuja kula."

Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imekutana, wa juu kwa wa chini, bila kujikaza, kidevu kimetulia. Makokha akamshika shavu kwa kidole, kama anavyofanya mganga yeyote wa meno, mimi nikiwemo, akasubiri. Hakuna kilichofunguka. Wazee wakaanza kutazama. Shangazi mmoja akasema mtoto huyu ana kiburi siku hizi. Mimi nilikuwa nimebana sahani yangu tupu kwa mikono yote miwili.

Kukhu aliinuka. Alimwendea mjukuu wake, akaweka kiganja chini ya pua yake, akakiacha hapo akihesabu pumzi. Kisha akainama akamchunguza uso, upande huu na upande ule, akitafuta mkunjo. Nafula alimtazama bila kupepesa, macho yamejaa machozi, mdomo umefungwa.

"Makokha," alisema Kukhu, "rudisha mkono yako. Hayo meno yana mwenyewe."

"Si nilitaka kuangalia tu?"

"Hakuna kitu ya kuangalia. Amefunga."

Makokha akampa peremende hata hivyo. Nafula akaipokea, akaifunga kwenye ncha ya gauni lake, akaendelea kugawa maji kwa kundi lililofuata, kisha kwa wale wa Lugulu, kisha kwa wale wa mlimani, na mtu aliyemsalimia alijibiwa kwa kichwa. Aliufungua mdomo baadaye kabisa, nyama ilipoletwa.